Korosho Zilizobaki Mahameni

Korosho haichumwi mtini. Ikiiva hudondoka pamoja na bibo lake, na mkulima huifuata chini: huing'oa kwenye bibo, huianika juani siku mbili tatu, kisha huitia guniani. Kwa hiyo kazi kubwa ya mkorosho iko chini ya mti. Nyasi zikiwa ndefu korosho haionekani, ikikaa kwenye unyevu huvunda, na moto kichaa ukipita kwenye majani makavu huunguza shina na mazao kwa pamoja. Shamba lazima lipaliliwe kabla ya msimu, na kuanzia Septemba au Oktoba lazima mtu awepo karibu kila siku kuokota, la sivyo nguruwe pori watamtangulia.

Mkulima yeyote wa Newala, Masasi au Tandahimba anayajua haya tangu utotoni. Waliopanga vita dhidi ya umaskini vijijini hawakuyapa uzito, na nchi ililipa kwa miaka ishirini.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na nia ambayo mimi bado naiheshimu. Watu waliishi kaya moja moja, mbali na barabara, mbali na zahanati, watoto wakikua bila shule. Mwalimu Nyerere alitaka wakusanyike vijijini ili huduma ziwafikie na kazi ifanywe kwa pamoja, na mwanzoni alisisitiza kwamba hilo lifanyike kwa hiari. Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoanza mapema, kwa sehemu kwa sababu ya vita ya Msumbiji ng'ambo ya Mto Ruvuma. Hiari hiyo haikudumu. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi kijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Magari yalitumwa. Kuna mahali nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi.

Tumtazame mkulima mmoja wa enzi hizo, ambaye simpi jina kwa kuwa walikuwa maelfu. Nyumba yake ilikuwa katikati ya mikorosho aliyoipanda baba yake. Alfajiri mkewe na watoto walitoka mlangoni na kuanza kuokota. Akahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, akapewa kiwanja cha nyumba na sehemu ya kulima mahindi na mihogo. Mikorosho haihamishiki. Ikabaki mahameni, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwaka wa kwanza alijitahidi: aliondoka usiku, akaokota alichokikuta, akarudi na mzigo kichwani. Kijijini nako kulikuwa na shamba la pamoja, mikutano, na agizo la kila kaya kulima chakula, kwa maana ukame na kuhamahama kwenyewe vilikuwa vimeleta upungufu wa chakula hadi kampeni ya 1974/75 ikaitwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Siku zake za kazi zilikuwa zilezile. Palizi ya mahameni ikarukwa mwaka mmoja, kisha wa pili. Moto ukapita. Ukifika wakati huo huna tena shamba la korosho, una pori lenye mikorosho ndani yake.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikusanywa kama tani 16,000 tu.

Sisemi kwamba kuhamishwa peke yake kulifanya hayo yote. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na sehemu kubwa ya thamani ya korosho iliishia kwenye gharama za mashirika yaliyoinunua na kuiuza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mkulima akabaki na mnunuzi mmoja, Mamlaka ya Korosho, ambayo hakuichagua wala hakuweza kuihoji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ubwiri unga, ugonjwa unaofunika maua kama vumbi jeupe na kuyakausha kabla hayajashika tunda. Lakini ugonjwa huo hustawi kwenye mikorosho iliyosongamana isiyopogolewa, na dawa yake, salfa, inataka mkulima mwenye fedha na mwenye sababu ya kuitumia fedha hiyo. Mashamba yaliyotelekezwa yaliupokea ubwiri bila mtu wa kupambana nao.

Kinachoniuma zaidi ni viwanda. Katika miaka hiyohiyo serikali ilikopa, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa wakopeshaji, ikajenga viwanda vya kubangulia korosho mpaka vikafika 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Wazo lilikuwa zuri: badala ya kuuza korosho ghafi India, kazi na faida vibaki Mtwara na Lindi. Hesabu ya viwanda ilifanywa kwa mavuno ya juu, huku agizo jingine la serikali hiyohiyo likimtoa mkulima shambani. Mashine zikafika, korosho hazikufika. Deni likalipwa na nchi nzima, wakiwemo wakulima ambao mikorosho yao ilikuwa imeungua.

Haki inataka isemwe pia kwamba vijiji vile vilileta shule. Ndani ya miaka michache watoto wengi wa wakulima walikuwa darasani, na wapo wazee leo wanaosoma na kuandika kwa sababu ya kuhamishwa kule. Mwalimu mwenyewe, katika miaka ya 1980, alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ninaloshindwa kulikubali ni kwamba ilibidi mzazi achague kati ya shule ya mtoto na chanzo chake cha fedha. Shule ingeweza kusogezwa kuelekea mikorosho. Yeyote aliyeokota korosho angewaambia hivyo, kama angeulizwa kabla magari hayajafika.

Zao lilirudi polepole kuanzia miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na kituo cha utafiti cha Naliendele kikasambaza miche bora na maarifa ya salfa. Msimu wa 2017/18, serikali ilipogawa salfa bure, mavuno yalivuka tani 313,000, rekodi ya nchi wakati huo. Hapo ndipo tulipoona tabia ileile ya kuamua bila kumuuliza mkulima, kwa sura nyingine. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, na sehemu ya ushuru wa kusafirisha korosho nje iliyokuwa ikirudi kwenye zao, pamoja na kugharimia pembejeo, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa serikali. Oktoba wakulima waligomea bei ndogo za mnada. Novemba serikali ikaamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Bei ilishangiliwa, na kwa haki. Kisha ukaja uhakiki. Ili kuwabana wa kangomba, wanaonunua kwa bakuli kwa mkulima mwenye njaa kabla ya msimu, waliopeleka mzigo mkubwa walitakiwa waonyeshe mashamba yao. Mwenye mikorosho ya urithi katika mahame matatu tofauti, au anayetunza shamba la ndugu aliyeko mjini, alisubiri aitwe, ahojiwe, aaminiwe. Wapo waliosubiri miezi, na mwaka 2019 bado walikuwa wanadai. Mavuno ya 2018/19 yalishuka hadi takriban tani 225,000.

Mkorosho huanza kutoa maua Juni, na salfa hupulizwa wakati huo, si baadaye. Fedha iliyokuwa ikisubiri uhakiki ndiyo iliyokuwa ya palizi na ya salfa ya msimu uliofuata. Aliyelipwa Septemba alipata bei yake kamili ya 3,300, na maua yake yalikuwa yameshakauka.