Utani wa miji na mpaka wake

Mtu wa Mombasa akikutana na wa Unguja, kikombe cha kahawa hakimaliziki kabla hawajabishana ni nani mwenye Kiswahili. Mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe Kiswahili cha shule na vitabu ulifanyika huko huko Mombasa, nyumbani kwa Kimvita. (Kufungwa uwanja wa nyumbani kunavyouma, wapenzi wa mpira wanajua.) Mimi huyapenda mabishano haya, wala sikubaliani na ndugu zetu wanaodhani kila anayeusifia mji wake ameshaingia katika asabiya.

Mtume (s.a.w.) alipotolewa Makka aliieleza kuwa ndiyo ardhi aipendayo, na kwamba lau watu wake wasingemtoa, asingetoka. Kisha akamuomba Allah awapendezeshee Madina kama Makka, au zaidi. Basi kupenda mji si dhambi. Swali ni kwamba mapenzi hayo yanatumika kwa kazi gani.

Tuchukue Basra na Kufa. Wanazuoni wa miji hii miwili ya Iraq walishindana katika nahau ya Kiarabu, na sisi sote tumefaidika na ushindani wao. Lakini inasimuliwa kuwa Sibawayhi, imamu wa nahau wa Basra, alipokwenda Baghdad kujadiliana na al-Kisai wa Kufa, mabedui walioitwa kuamua lipi ni sahihi walielemea upande uliokuwa na nguvu kwa watawala. Sibawayhi akaondoka na huzuni yake. Hapo mashindano yalikwisha, kwa kuwa shahidi hakutazama tena haki iko wapi, alitazama nani ana mkono serikalini.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni kile alichokisimulia Jabir bin Abdullah. Katika safari moja ya vita, Muhajiri mmoja alimpiga Ansari. Huyu akawaita Ansari wenzake, na yule akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) aliposikia akauliza, vipi tena wito wa kijahiliya? Akawaambia wauache, unanuka. Ndugu msomaji, hebu tuzingatie. Muhajirina na Ansari ni majina ambayo Qur'an yenyewe imeyasifu. Hayakuwa na ubaya wowote. Yalinuka pale yalipotumika kumkusanyia mtu jeshi bila kuuliza nani mwenye kosa.

Kwa hiyo utani wa barazani mimi hainisumbui, maana anayetaniwa ana ulimi na atajibu. Kinachonisumbua ni posa. Kijana ana dini, ana tabia njema, ana kazi ya halali, wazee wamemuuliza kila kitu na hawakuona kasoro, kisha jibu linakuja kwamba "si wa kwetu". Huyo hawezi kujibu kwa mzaha. Na ni hivyo hivyo katika kamati za baadhi ya misikiti yetu mijini, ambako mtu anaweza kuswali safu ya kwanza miaka ishirini, akachangia bati na saruji, na siku ya kuchagua viongozi akakumbushwa alikozaliwa babu yake. Maneno ni yale yale ya kwenye kahawa, ila safari hii yamemnyima mtu haki yake.

Na huo "ukwetu" wenyewe ukiuchunguza haukai. Mlamu akitaka kumnyamazisha mtu wa Mombasa, hutaja Maulidi ya Lamu na msikiti wa Riyadha. Ni haki yake, watu husafiri kutoka mbali kuyafuata. Lakini Habib Swaleh, aliyeiasisi Riyadha, alikuja Lamu kutoka Ngazija, na aliposomesha wanyonge na watumwa wa mtaa wa Langoni, wapo wakubwa wa mji waliochukia. Mtu wa Mombasa mwenye kujua historia hana haja ya kubishana sana. Atanywa kahawa yake taratibu, kisha amuulize mwenzake Riyadha iliasisiwa na mzaliwa wa wapi.