Wanaume, Shikeni Pembe ya Godoro

Leo naongea na wanaume. (Akina mama, wasomeeni wale wasiopenda kusoma.)

Fungua Marko 2. Wale watu wanne hawakumwambia mgonjwa "tunakuombea" halafu wakaenda zao. Walimbeba, wakatoboa paa. Sasa ndugu yangu, mkeo akipatikana na saratani ya matiti, wewe umeshika pembe gani ya godoro? Kutuma pesa ya matibabu kwa M-Pesa ni vizuri, lakini keti naye kwenye ile foleni. Na akikatwa titi, usihame kitanda. Bado ni yule yule uliyemwapia hapa madhabahuni.

Halafu kuna hili tunaonea aibu: saratani hii hutupata hata sisi. Nilisomea biashara, hesabu nazipenda: kati ya wagonjwa 100, karibu mmoja ni mwanamume. Kwa sababu ni wachache, wengi hawashuku kitu, wanachelewa. Ukihisi uvimbe mgumu chini ya chuchu, hata kama hauumi, au chuchu imeingia ndani, au inatoa damu, mwambie mkeo na uende hospitali wiki hii. Maombi tutafanya pia. Ukiogopa kwenda peke yako, nitafute baada ya ibada ya pili, tupange siku twende wote.