Jumanne: Moto wa Efeso

Soma Matendo 19:11–20. Ni akina nani waliokuja kuungama matendo yao? Kwa nini vitabu havikuuzwa?

Efeso ulikuwa mji wa hekalu la Artemi. Ulisifika pia kwa hirizi: maneno sita yasiyoeleweka, yaliyoitwa “maandiko ya Efeso”, yalivaliwa mwilini kama kinga. Luka anasema walioungama walikuwa watu waliokwisha kuamini. Inaelekea walikuwa wakimwabudu Kristo huku vitabu vya uganga vimo nyumbani.

Vitabu hivyo vilikuwa na thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Ikiwa ni drakma, kila kipande kilikuwa karibu ujira wa siku moja. Lakini kumwuzia jirani uganga ni kumwuzia kifungo, basi wakavichoma mbele ya watu wote.

Kwetu, kuanzia Mbagala hadi Tandale, matangazo ya waganga hubandikwa kwenye nguzo za umeme. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Hata hivyo, hakuna askari atakayeikagua hirizi ambayo bibi amemfunga mjukuu kiunoni. Hiyo hufunguliwa na familia yenyewe, pale inapoamini kwamba Yesu anatosha hata usiku homa inapopanda, na mtoto akapelekwa hospitali kwa maombi.

Tafakari: Mshiriki akileta hirizi yake darasani Sabato hii, je, tutampokea kwa maombi au kwa minong’ono?