Pikipiki ya Ng'ambo na ya Nyumbani

Yuko mtu wa Bara Hindi atamaniye pikipiki ya ng'ambo. Aonapo ushuru wa forodha huuita wizi, akashawishika kuinunua ya magendo, isiyo na hati za kweli. Je, atakapoiuza, amwambie nini mnunuzi? Ushuru ni sehemu ya bei. Asiyeuweza hakuiweza pikipiki. Wala ile ya nyumbani si ya kuonewa haya. Royal Enfield asili yake ni Uingereza. Katika miaka ya 1950 ilianza kuungwa Madras, mji uitwao leo Chennai, na hata sasa huundwa huko. Ugeni wenyewe hauna dhambi. Mwenye fedha na aagize ya ng'ambo, alipe yote. Mimi ningechukua ya Madras, nikalala usingizi.