Mieleka na vijana wetu



Wazazi kadhaa wametuuliza: sisi tuliokimbia vita, ni halali kuwaacha vijana wetu wafundishwe mieleka kwenye mchanga nyuma ya kanisa? Tulikwenda kutazama. Tulidhani siku ya kwanza watafundishwa kuangusha. Kumbe walifundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo uviringike, mkono usitangulie chini usije ukavunjika. Kisha kusimama magoti yamekunjwa, halafu kumshika mwenzako kiunoni. Anayeyabana mabega yote mawili ya mwenzake chini ndiye mshindi. Ngumi hakuna, kukaba koo hakuna. Na ukimwinua mtu juu, kumshusha salama ni jukumu lako. Hapo tulinyamaza. Wale waliotutoa makwetu walikuwa na nguvu, lakini nani aliwadai usalama wetu?

Hata hivyo hatutawaficha. Juma lililopita kijana mmoja alimwangusha mwenzake bombani, wakigombea foleni, tena penye mawe. Wengine wanataka mazoezi yafungwe. Sisi tunaona ugomvi wa bombani ulikuwepo kabla ya mieleka. Yakobo naye (Mwanzo 32) alipigana mweleka usiku kucha, akabarikiwa, ila akatoka akichechemea.

Kijana huyo amekwenda na baba yake kuomba radhi, na sasa anamchotea maji aliyeumia mpaka mkono upone. Mama wa aliyeumia bado hajaridhika. Tumemwomba aje Jumamosi atazame mwenyewe.