Hofu Haina Nusu

Katika kitabu chao cha mwaka 1981 kuhusu namna ya kufikia makubaliano, Roger Fisher na William Ury wanakumbusha kisa cha watoto wawili waliogombania chungwa. Walilikata katikati. Mmoja akala nyama yake na kutupa ganda. Mwenzake akatupa nyama na kutumia ganda kuokea keki. Laiti wangeulizana kila mmoja analitakia nini, kila mtoto angepata chungwa zima. Kanuni iliyobebwa na kisa hicho sasa inafundishwa kwa wanasheria, mabalozi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi: usishindane na msimamo wa mwenzako, tafuta haja iliyojificha nyuma yake.

Kwenye mgogoro wa mishahara kanuni hiyo inafaa, na pengine hata kwenye mirathi. Lakini tuipeleke Burundi.

Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais, Mhutu wa kwanza kushika kiti hicho kwa kura. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo aliuawa na wanajeshi wa jeshi lililokuwa mikononi mwa Watutsi. Vijijini, Watutsi waliuawa na majirani zao. Jeshi nalo likaingia kulipiza kwa Wahutu. Vita iliyofuata ilidumu zaidi ya miaka kumi na inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 300,000. Mwalimu Nyerere alianza kuwakutanisha wakubwa wa pande hizo Mwanza mwaka 1996, na Juni 1998 mazungumzo rasmi yakafunguliwa Arusha. Ajenda zilikuwa nyingi, lakini kila njia iliishia kwenye swali moja: jeshi litakuwa la nani?

Vyama vya Wahutu vilitaka jeshi lijengwe upya kuanzia msingi. Vyama vya Watutsi vilitaka lisiguswe. Hiyo ndiyo misimamo. Sasa tuchimbe chini yake, kama tunavyofundishwa. Chini ya msimamo wa kwanza kuna mwaka 1972, ambapo uasi uliozuka kusini na kuua Watutsi ulijibiwa na jeshi la Rais Micombero kwa kuwasaka Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, hata askari wenzao. Chini ya msimamo wa pili kuna Oktoba 1993, na miezi michache baadaye kuna Rwanda, ng'ambo tu ya mpaka, mahali ambapo kila Mtutsi wa Burundi aliona kinachoweza kumpata asiye na bunduki. Tumefika mwisho wa shimo, na tulichokikuta ni haja moja kwa pande zote mbili: kutouawa. Na chombo kinachotazamiwa kuitimiza ni kilekile kimoja. Hapa hakuna mtoto anayetaka ganda.

Kwa hiyo nadharia inatuvusha hatua moja na kutuacha mahali pabaya zaidi. Tulipoona misimamo inagongana, tulikuwa na tumaini kwamba haja hazigongani. Sasa tumegundua haja ni sawasawa, na usawa huo ndio mgongano wenyewe. Hofu haigawanyiki kama ardhi au cheo. Kila ninachofanya kupunguza ya kwangu, nikiajiri askari wangu, nikificha silaha zangu, nikikuzuia usikaribie kambi, kinaongeza ya kwako. Wewe utajibu, nami nitasema: si niliwaambia?

Mwanafalsafa Thomas Hobbes aliijua hali hii, na dawa yake ilikuwa wote wakabidhi upanga kwa mamlaka moja iliyo juu yao. Lakini Burundi upanga ndio uliokuwa ukigombaniwa. Mamlaka hiyo haikuwapo ili ikabidhiwe kitu. Ilikuwa ni tuzo ya mshindi. Mwaka 1997 mtaalamu wa siasa Barbara Walter aliandika kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe hushindikana kumalizwa mezani hata pale wahusika wanapokubaliana juu ya mambo mengi, kwa sababu anayeweka silaha chini leo hana cha kumlazimisha mwenzake atimize ahadi kesho. Ndiyo maana, kwa maoni yake, dhamana ya mtu wa nje ina uzito mkubwa. Burundi ilithibitisha sehemu ya hoja hiyo: wanajeshi wa Afrika Kusini walifika Bujumbura mwaka 2001 kulinda wanasiasa waliokuwa wakirejea kutoka uhamishoni, ambao wasingelala usingizi chini ya ulinzi wa jeshi lilelile.

Lakini mlinzi wa kigeni huondoka. Kilichobaki ni kile ambacho mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000 uliandika kuhusu jeshi: hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 ya askari, kwa kipindi kitakachoamuliwa na Seneti, ili kuzuia mauaji ya kimbari na mapinduzi.

Mwanademokrasia ataruka. Kwa makadirio yanayotajwa siku zote, Wahutu ni kama asilimia 85 ya Warundi, Watutsi 14, na Watwa asilimia moja. Nusu kwa nusu ni haki gani? Nami nasema si haki, na haikukusudiwa kuwa haki. Kosa ni kuisoma nusu ile kama fungu la mgawo, kana kwamba ajira za jeshi zilikuwa nyama ya mbuzi wa sherehe. Ilikuwa kizuizi. Jeshi ambalo nusu yake ni wao na nusu ni sisi haliwezi kutumwa usiku kuwamaliza wao bila wao kujua, wala kutumwa kutumaliza sisi. Hofu haikugawanywa, iliondolewa sababu kwa pande zote kwa pigo moja, na hivyo tu ndivyo inavyoweza kuondolewa. Wala mkataba haukuwaomba Warundi waaminiane. Uliwapa namna ya kuishi bila kuaminiana, jambo ambalo wahubiri wa maridhiano hulidharau, ingawa mimi naliona kuwa ni heshima kubwa kwa watu waliozika walichozika.

Nadharia ina tundu jingine, na hili linaniudhi. Mtaalamu wa usuluhishi William Zartman anafundisha kwamba vita huiva kwa mazungumzo pale pande zote zinaponasa kwenye mkwamo unaoziumiza. Unaomuumiza nani? Mwishoni mwa 1999 serikali ilikuwa imewakusanya kambini watu zaidi ya 300,000 wa Bujumbura Vijijini, mbali na mashamba yao, ili waasi wasipate chakula wala maficho. Wakati huohuo wajumbe walikuwa Arusha, hotelini, kwa posho, na wapo waliosema waziwazi kwamba posho hiyo iliwapunguzia haraka. Maumivu yalikuwa tele, ila hayakuwa kwenye meza. Nelson Mandela, aliyeshika usuluhishi baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, alilielewa hilo. Aliwakaripia viongozi hadharani na kushikilia kambi zivunjwe. Vitabu humtaka msuluhishi asiegemee upande. Mandela aliegemea upande wa wasiokuwamo ukumbini.

Na hao "pande" ni akina nani hasa? Makundi 19 yalikuwa Arusha, lakini wenye bunduki porini, CNDD-FDD na FNL, hawakuwamo kati ya waliosaini. Kundi la waasi la CNDD lilipopasuka mwaka 1998, Nyerere aliendelea kumtambua kiongozi wake wa awali, Léonard Nyangoma, na kundi lililobaki na wapiganaji likabaki nje. Ilibidi lije kutafutwa baadaye, likaafikiana na serikali mwaka 2003. Kusema "Wahutu wanataka" au "Watutsi wanakataa" kulikuwa tayari ni kuziba pengo kubwa kwa neno moja.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, katika kitabu cha 1995, aliwaeleza wakimbizi Wahutu wa 1972 waliokuwa Tanzania. Walioishi katika makazi ya Mishamo walijiona taifa moja lililo uhamishoni, wakaihifadhi historia yao kwa ukali. Wenzao waliojichanganya mjini Kigoma walijitambulisha kwa namna nyingi, wengi bila kutaka kuitwa wakimbizi wala Wahutu. Damu ileile, msiba uleule. Nadharia inahitaji mhusika anayekuja mezani akiwa ameshakuwa yeye. Vita vya kikabila humuumba mhusika huyo, na meza nayo humuumba, kwa sababu anayeitwa kuwasemea Wahutu hana budi kuhakikisha Wahutu wapo.

Hapo ndipo wengi walipoogopa kwamba kuandika ukabila kwenye katiba kungeugandisha. Iligeuka kinyume. Mgawo ulipokuwa umeshahakikishwa na sheria, vyama vililazimika kutafuta wagombea wa makabila yote, na kelele za kikabila zikapungua thamani. Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa nchi za Afrika Mashariki, jaribio la kumpindua liliongozwa na Jenerali Godefroid Niyombare, Mhutu na mpiganaji mwenzake wa zamani, akiwa pamoja na maofisa Watutsi wa jeshi la kale. Jaribio lilishindwa na ukandamizaji uliofuata ulikuwa mkali, lakini jeshi halikupasuka katika mstari wa 1993. Arusha ilikuwa imefunga mlango mmoja. Mlango wa mtawala asiyetaka kuondoka, ambaye hofu yake haina kabila, haukuwa na komeo la namna hiyo.

Katiba ya 2018 iliipa Seneti miaka mitano kutathmini kama migawo ya kikabila iendelee au ikome, na mwaka 2023 tathmini hiyo ilianza. Katika Seneti Wahutu na Watutsi wana viti sawa, kwa hiyo kwenye karatasi kila upande una sauti sawa. Ila chama tawala ndicho chenye viti vingi, na maseneta Watutsi waliomo, wengi wao ni wa chama hicho pia. Anayetaka kujua kama hofu ya wachache imekwisha atalazimika kuwauliza wenyewe, tena mahali ambapo wanaweza kujibu hapana na kurudi nyumbani salama.