Mtunza Shamba na Udongo Uliochoka

Luka 13, mstari wa 6 hata wa 9



Mfano huu mwaujua. Mtu mmoja alikuwa na mtini shambani mwake, akaujia miaka mitatu akitafuta matunda asione kitu. Akaamuru ukatwe, kwa maana ulishika mahali pasipo faida. Lakini mtunza shamba aliuombea mti muda wa mwaka mmoja zaidi, apate kuulimia pande zote na kuutia samadi. Twazoea kuihubiri habari hii kwa ajili ya toba, na ndivyo ipasavyo. Walakini leo twataka mwitazame mikono ya yule mtunza shamba. Hakuomba kwa kinywa tu. Alipokwisha kuomba, ilimpasa kushika jembe na kujitwika samadi.

Twasema haya kwa sababu ya maneno tunayoyasikia kila mwaka mvua zikikaribia. Wazee husema, "Shamba hili limechoka, afadhali tulihame." Zamani palikuwa na mahali pa kuhamia, siku hizi shamba la jirani laanza pale lako linapokoma. Na vijana tuliowapeleka shuleni husema, "Sisi tumesoma, jembe ni la wasiosoma." Maneno hayo mawili ni shoka moja lenye makali mawili. Mmoja aikata ardhi, na mwingine aikata elimu isiifikie ardhi.

Basi twawapa habari za mtu aliyesoma sana, na kisomo chake kikamrudisha udongoni. George Washington Carver alizaliwa utumwani karibu na Diamond, katika jimbo la Missouri huko Marekani, yapata mwaka wa 1864. Alipokuwa mchanga, wanyang'anyi walimwiba pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alipotaka kusoma alikwenda kwa miguu mpaka mji mwingine, kwa kuwa shule ya kwao haikupokea watoto weusi. Baadaye chuo kimoja kilimkubali kwa barua, lakini alipofika wakaiona rangi yake, wakamfukuza mlangoni. Hata hivyo hakuacha. Mwaka wa 1891 aliingia chuo cha kilimo cha Iowa, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi hapo. Alipata shahada yake ya kwanza mwaka wa 1894, na ya pili mwaka wa 1896. Naye alikuwa amekwisha kufanywa mwalimu wa chuo kile, akichunguza magonjwa ya mimea.

Mwaka ule ule wa 1896 aliitwa na Booker T. Washington, mkuu wa shule ya watu weusi ya Tuskegee, katika jimbo la Alabama. Angaliweza kukaa penye vyombo vizuri na heshima. Akaenda Tuskegee, akafundisha na kuchunguza huko mpaka kufa kwake, tarehe 5 Januari 1943.

Alikuta nini huko? Watu waliotoka utumwani mwaka wa 1865 walikuwa wakilima mashamba ya wengine, wakilipa kwa sehemu ya mavuno, na deni halikwisha. Walipanda pamba mwaka baada ya mwaka, hata karibu na milango ya nyumba zao. Udongo ukaisha nguvu, mvua ikaukata makorongo, na watoto wakaugua kwa kukosa chakula chenye kufaa. Kila mtu aliona mti usiozaa. Carver naye aliuona, lakini hakusema ukatwe.

Chumba chake cha uchunguzi kilikuwa kitupu, kwa hiyo yeye na wanafunzi wake waliokota chupa na vyombo vibovu jalalani, wakavifanya vyombo vya kazi. Akapewa kipande cha ardhi iliyochoka, naye akakitia majani makavu ya msituni, matope ya bwawani na samadi. Hakutaka kuwafundisha maskini njia ambayo mwenye fedha peke yake aiweza. Kisha akawaambia wakulima, "Baada ya pamba pandeni kunde, karanga na viazi vitamu." Kunde na karanga zina vinundu mizizini, na ndani yake wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Hivyo shamba hulipwa sehemu ya deni lake, na mtoto hupata mboga chunguni. Nanyi mkumbuke ya kuwa kunde ni mmea wa Afrika, uliovuka bahari pamoja na watumwa. Chakula cha baba zao kilikuwa dawa ya udongo ule, ila hapakuwa na mtu wa kuwaeleza.

Wale wasioweza kuja shuleni waliletewa shule. Tangu mwaka wa 1906 gari lililokokotwa na nyumbu lilizunguka vijijini, limechukua mbegu, majembe ya kukokotwa na walimu. Carver aliandika pia vitabu vidogo 44 kwa maneno mepesi. Kimoja cha mwaka wa 1916 kilieleza kilimo cha karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Wengine humsifu kwamba ndiye aliyeanzisha siagi ya karanga. Sivyo, wala hahitaji sifa hiyo. Sifa yake ni kwamba alimheshimu mkulima maskini hata akamchukulia elimu mpaka shambani. Siku za Jumapili aliwafundisha wanafunzi Biblia, na mwaka wa 1940 aliitoa akiba yake iwe msingi wa mfuko wa kuendeleza uchunguzi.

Nasi katika nchi yetu twazijua karanga kwa habari nyingine. Tangu mwaka wa 1947 serikali ya Kiingereza ilifyeka pori la Kongwa kwa mitambo mikubwa, ipate mafuta ya karanga. Udongo haukujaribiwa vya kutosha, wala mvua hazikuchunguzwa miaka ya kutosha. Jua lilipowaka, ardhi ikawa ngumu kama tofali, karanga zisichimbike. Mwaka wa 1951 mpango ule ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamepotea. Tazameni basi: mwenye chupa za kuokota alianza kwa kuuliza udongo, na wenye mitambo walianza kwa kuuamuru.

Wala tusiwacheke. Sisi wenyewe tulipotoka chuoni tuliona haya kushika jembe mbele ya watu. Shamba letu nyuma ya nyumba likaota magugu, huku tukihubiri juu ya uaminifu. Mjane mmoja wa usharika alipita akitoka kutupa samadi bustanini mwake, akatuuliza kwa upole, "Mchungaji, mkono huu ukichafuka, je, hautaweza kushika Kitabu?" Hatukuwa na jibu, na tangu siku ile twashika vyote viwili.

Kwa hiyo twawasihi, walimu wa usharika. Shamba la mwalimu na liwe ubao wa pili wa shule yake. Msichome mabua. Changanyeni kunde na mahindi, mkaonyeshe kipande kilichotiwa samadi kando ya kisichotiwa, watu wahukumu kwa macho yao. Nanyi wazazi, msiwaambie wana wenu wasome ili waliepuke shamba. Kijana anayejifunza habari za udongo na mbegu mpaka chuo kikuu, kisha akarudi kwa watu wake, anafanya kazi ya Mungu, aliyemweka mtu wa kwanza bustanini ailime na kuitunza.

Ndugu, sisi sote ni mtini ule. Miaka yetu mitatu ilikwisha zamani, na shoka lilikuwa tayari. Yuko aliyetuombea mwaka mwingine, na mikono yake haikubaki safi. Ina alama za misumari. Tuliopewa mwaka huo kwa neema, tutawezaje kuunyima udongo mwaka mmoja wa samadi na subira?

Bwana aibariki mikono yenu na mbegu zenu msimu huu. Amin.